Marehemu Ghislaine Fayolle, Fundi wa Visu vya Kufyatuka wa Thiers

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa wa chini na mafundi wenzake wote, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Ghislaine, aliyezaliwa hapa Thiers, mji wetu wa visu nchini Ufaransa, tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili wa mzee Hippolyte Rouvet, fundi visu, na mama Léontine.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha mwaka 1955 akaingia chuo cha ufundi wa visu, akiwa msichana peke yake darasani, na wenzake walipomwita Bibi Shoka aliwajibu kwamba shoka haliogopi gogo.

Mwezi Juni 1957 kaka yake Firmin alikuwa akiendesha baiskeli, kisu cha kufyatuka kilipojifungua mfukoni na kumkata paja, naye akachechemea tangu siku hiyo. Kisu hicho cha kale baba yao ndiye aliyekikarabati, na kwa kuwa kifungio cha zamani, kinachozuia ubapa usifunguke, kilikuwa kimevunjika, aliweka kingine alichokichonga haraka kutokana na msumari. Mzee alisema, "Mimi ndiye niliyemchoma mwanangu," akaiacha meza yake ya kazi, akaenda kupakia masanduku kiwandani.

Ghislaine alikiokota kisu kile jikoni, mama yake alikokificha, na alipomaliza chuo mwaka 1958 akaanza kazi kwa mzee Valentin Coste, fundi wa kukarabati visu vya kale, ambako alijifunza kwamba kisu cha kale hurudishiwa kifaa cha umbo lake la asili, au huachwa kilale. Alitafuta kifungio kama kile cha mwanzo, akakikosa, basi akakichonga mwenyewe kwa tupa kutokana na chuma cha kisu kikuukuu cha aina ileile, akaipasha moto springi mpaka ikageuka bluu, akaunganisha mpini wa pembe kwa ribiti za shaba, bila skrubu hata moja, kisha akakibeba mfukoni mwa aproni yake majira yote ya baridi ili aone kama kitajifungua.

Siku ya Pasaka mwaka 1963 alikiweka kando ya sahani ya baba yake. Mzee aligeuza uso, lakini Firmin alikichukua, akakifyatua, akakifunga, akakitia mfuko uleule wa mguu ule mbovu, akaruka-ruka kuizunguka meza akicheka, "Tazama, Baba! Kimelala kama mtoto aliyeshiba!" Mama alipiga ukelele, mzee akalia mbele ya watoto wake kwa mara ya kwanza, na kesho yake akarudi kwenye meza yake ya kazi, akafanya kazi bega kwa bega na bintiye mpaka alipofariki mwaka 1982.

Tarehe 18 Juni 1966 marehemu alifunga ndoa na Anselme Fayolle, mchonga mipini, wakajaliwa Clarisse mwaka 1967 na Bastien mwaka 1970. Visu vilimjia kutoka Paris, Brussels na Geneva, na mteja mmoja alipomwomba aweke skrubu za kisasa ili kazi iende mbio, alimrudishia mzigo wake akisema, "Bwana, wewe unataka pambo, nenda dukani."

Mwaka 2015 alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka, mikono yake ikakataa tupa, lakini masikio yalibaki ya fundi, akawa anaketi karibu na Clarisse, aliyerithi meza yake ya kazi, na kusikiliza mlio wa kila kisu kikifunguka, na pale ulipomkera alisema tu, "Bado, mama, kipangue tena." Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Februari 2023, bintiye Clarisse na Firmin wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioleta supu na kuni, na mafundi waliozima mashine zao leo ili wamsindikize.

Nenda kwa amani, Ghislaine, mikono yako imetulia.