Jibu Alilolifuta Mwenyewe

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu kama bibi yake aliyemlea anavyoyakumbuka.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Juni 1981, mtoto wa pekee wa mama fundi cherehani, na mama huyo alipofariki, yeye ana miaka minne, bibi akamchukua. Alianza darasa la kwanza Januari 1988, mtoto wa maswali huyo, ukimtuma sukari anarudi na swali, sukari kaisahau. Mwaka 2009 akawa daktari wa fizikia, na tarehe 4 Januari 2010 akaajiriwa kwenye maabara ya kugonganisha viini vya atomu, chumba namba 12, dirisha linatazama mabomba.

Kazi yake alimweleza bibi hivi, kwamba ndani ya kiini mna gluoni, chembe zinazokishikilia kama gundi, na kiini kikienda mbio sana zinazaana mpaka hakuna pa kutia sindano. Mgongano ukitoa chembe mbili, huwa zinatoka zikipeana mgongo, ukiiona moja unajua mwenzake yuko upande wa pili, lakini kwenye msongamano ule zinasukumwasukumwa, zinapotezana, na yeye alitaka kujua ni jozi ngapi. Bibi akasema, kumbe ni soko siku ya mnada, akajibu, ndiyo hivyo hivyo.

Mwaka 2012 alitangaza kwamba jozi nne katika kila tano zimepotezana, akapigiwa makofi, kisha fundi wa nyaya wa pale maabara akamfuata akamwambia, dada, kipande kizima cha mtambo wa kunasa chembe, cha upande wa pili, hakina umeme tangu kifungwe, chembe zinapita hamna wa kuziona. Akaenda mwenyewe mbele ya wakubwa zake akalifuta jibu lake, miaka miwili ikaenda na maji. Fundi huyo ndiye aliyefunga naye ndoa tarehe 17 Agosti 2013, bibi akauliza, wanaume wameisha mpaka huyu aliyekutia hasara, akajibu, bibi, huyu hanifichi kitu. Wakajaliwa binti mmoja, Februari 2015.

Januari 2023 alipatikana na saratani ya kongosho, akawa anaogopa jambo moja tu, kufa jibu la uongo kalifuta na la kweli hajaliacha. Tarehe 6 Novemba wenzake walimletea wodini mchoro mpya wa kipimo walichokirudia, akauliza, nyaya mmezikagua, wakasema, mara tatu, na mumeo akitusimamia, akacheka mpaka akakohoa. Jozi zilizopotezana zilikuwa mbili katika kila tano, nusu ya alizotangaza, akasema, ni chache, lakini hizi zipo. Alifariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, mkono wake umo mkononi mwa bibi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompokea binti kila atokapo shule, na ninyi wa maabara mliofanya haraka bila kulipua kazi.

Bibi anasema, zamu ya kwenda ilikuwa yangu, mjukuu wangu, umeniruka. Lala salama, jibu umeliacha.