Mikono Mitupu

Siku chache baada ya vurugu za kura, foleni ya unga Kibera ilikuwa haisongi, na Syombua, fundi wa nguo, hakutulia. Alipotaja kwamba hana mtoto, Musimbi, mgeni kwake aliyesimama mbele yake na kichanga mgongoni, aligeuka.

"Basi uko na bahati. Siku ya moto ulitoroka mikono mitupu."

"Nani amekudanganya? Nilibeba mtoto wa jirani kutoka kwetu hapa Lindi mpaka soko la Toi. Mamake alipotupata alimnyakua, akaniuliza nilikuwa nampeleka wapi. Miaka tisa tumekaa ploti moja!"

"Woi, pole dada. Watu wengine hawana utu."

Musimbi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. Foleni ikasonga hatua mbili, ikakwama tena. Hapo Syombua akamwona akimfungua mtoto mgongoni, akimhamishia kifuani.