Ucha Trapaidze, Aliyewatoa Watoto wa Wenzake Uwanjani

Marehemu Ucha Trapaidze alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1994 hapa Khidari ya Juu, Guria, akiwa mtoto wa kwanza wa Shalva na Tsiala. Kabla hatujaendelea, mama yake ameomba ijulikane kwa nini wasifu huu unasomwa mapema, jeneza likiwa bado sebuleni. Mwanawe wa pili, Anzor, amekaa upande wa kichwa wa jeneza la kaka yake tangu Jumatano, na macho ameyafumba kwa sababu mwanga unamuumiza. Mama anataka apelekwe hospitali sasa hivi. Wanaume wa ukoo wanasema mtu hamwachi kaka yake bila kumzika. Basi sikilizeni, halafu mseme wenyewe.

Ucha alizaliwa mkubwa. Marehemu baba yake alimpima kwa mizani ya majani ya chai, mizani ambayo mwaka ule, chai ikiwa haina wanunuzi, haikuwa na kazi nyingine, kisha akamwita jirani yake Otar ng'ambo ya ua: "Otar! Njoo uone mchezaji wa raga wa mstari wa mbele!" Ndivyo maisha yake yalivyopangwa hata kabla hajabatizwa. Alisoma shule ya hapahapa kijijini kuanzia mwaka 2000 hadi 2012. Hesabu zilimsumbua, na hakuna haja ya kuficha, ila alikuwa akiwasaidia walimu kubeba kuni, na wao wakamsaidia katika mitihani. Alisomea elimu ya michezo Kutaisi, akahitimu mwaka 2016.

Alicheza raga katika timu ya daraja la pili mjini Kutaisi, na kuanzia mwaka 2017 akawa kocha wa watoto. Kazi hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kila mtoto aliyegongwa kichwa alitolewa nje siku hiyo na hakurudi mchezoni, hata akilia, hata timu ikifungwa. Siku moja mtoto mmoja aliinuka kutoka chini akiyumbayumba, Ucha akamwuliza jina la bibi yake. Mtoto akafikiri sana, akataja jina la ng'ombe wa jirani. Ucha akambeba begani kama gunia la mahindi, akatoka naye. Baba wa mtoto akapiga kelele kutoka kando ya uwanja: "We Ucha, unafuga vifaranga au unalea wanaume?" Ucha akamjibu bila kusimama: "Nalea wanaume wanaowajua bibi zao, mzee!" Uwanja mzima ulicheka, na yule baba mwenyewe leo yuko hapa, analia.

Tarehe 15 Septemba 2018 alimwoa Nutsa, mwalimu wa kinanda, ambaye hajawahi kuelewa sheria hata moja ya raga. Tarehe 3 Februari 2020 walijaliwa binti, Lile. Ucha alikuwa akimsuka nywele kwa vidole vyake vinene vilivyopinda, na Nutsa alikuwa akizifumua kimyakimya na kuzisuka upya, wasije wakachekwa.

Baba yake, Shalva, alifariki tarehe 27 Januari mwaka huu wa 2023. Walio wa Khidari wanajua maana yake. Pasaka inapofika, Khidari ya Juu na Khidari ya Chini hugombania mpira mmoja mzito uliojazwa mchanga na divai, kila upande ukiusukuma kuelekea kijito chake, na upande unaoshinda huulaza juu ya kaburi la marehemu wao wa mwaka ule. Mchezo huu tunauita lelo. Hauna refa, hauna benchi, wala daktari. Tangu mazishi ya baba yake, Ucha hakuwa na neno jingine: mpira utafika kwa baba.

Tarehe 25 Machi, katika mechi ya Kutaisi, alipigwa goti kichwani. Daktari wa timu akamtoa, akasema ubongo umetikisika. Akamwagiza apumzike kwanza, kisha atembee, kisha akimbie polepole, na asigongane na mtu yeyote mpaka kichwa kitulie kabisa na yeye daktari aridhike. Kipigo cha pili juu ya ubongo ambao haujapona, alisema, kinaweza kuua. Ucha alimtii. Alifunga mapazia, akaacha simu, na akijaribu kukimbia, kichwa kikianza kugonga, alikuwa akirudi kitandani bila ubishi. Mechi mbili za timu yake hakuzicheza. Ni nani angemlaumu?

Halafu ikafika Pasaka, tarehe 16 Aprili. Asubuhi, mezani penye mayai ya Pasaka yaliyotiwa rangi nyekundu, mama yake alimwona anafunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, unajua ninakokwenda."

"Daktari amekukataza."

"Daktari kakataza mchezo. Lelo si mchezo, ni ya baba. Ni kama kwenda kanisani."

"Na hicho kichwa chako kitajuaje kwamba leo ni Pasaka?"

Ucha alicheka, akambusu mama yake paji la uso, akatoka. Hapa ndipo tulipokosea sote, maana hakuna mtu wa kijiji hiki ambaye angemjibu mama yake tofauti na Ucha. Tunamtii daktari Jumamosi, na Jumapili ya Pasaka tunadhani mifupa yetu imebarikiwa.

Alidumu ndani ya lile rundo la wanaume karibu saa nzima. Kisha alitoka peke yake, akaanza kutembea kuelekea kijito cha Chini, kijito cha wapinzani. Watu walicheka. "Ucha, geuka! Umehamia kwao?" Walidhani ni ujanja. Alitapika, na Otar akasema ni divai ya Pasaka hiyo, wakammwagia maji. Mtu aliyewauliza watoto wa wenzake majina ya bibi zao hakuulizwa jina hata moja. Akarudi ndani ya rundo. Anzor alipoona kaka yake haonekani tena, alijitupa kumvuta, na kisigino cha mtu kikampata nyuma ya sikio.

Ucha alitolewa chini ya rundo akiwa hana fahamu, na hakuamka tena. Alikuwa kwenye gari la wagonjwa wakati Juu iliposhinda, na wanaume walimkimbilia Tsiala barabarani wakiwa na matope hadi shingoni, wakipaza sauti: "Umefika! Umefika kwa Shalva!" Walikuwa na furaha, masikini. Ucha alifariki hospitalini Kutaisi Jumanne, tarehe 18 Aprili, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Ameacha mama yake Tsiala, mkewe Nutsa, binti yake Lile, shangazi yake Lamara anayesoma maneno haya, na mdogo wake Anzor. Anzor hajamwona daktari. Amepokea wageni, amenyweshwa pombe kali apate nguvu, na amesifiwa kwa kutotoa chozi. Ameapa pia kuingia lelo ya Pasaka ijayo, aulete mpira kwenye kaburi la kaka yake. Leo asubuhi, akiwa palepale alipo sasa, mkono ukiwa juu ya jeneza, alimgeukia mama yake.

"Mama, mbona Ucha haji kula?"

Mama alimweleza. Akaitikia kwa kichwa. Chai haijapoa, akauliza tena.

"Ni uchungu huo, Tsiala," Otar akasema. "Mwache mtoto amsindikize kaka yake. Watu watasema nini?"

"Uchungu haumtapishi mtu usiku kucha, Otar. Mimi nimeshaona haya. Nimeyaona Jumapili."

Familia inatangaza kwamba Pasaka ijayo mpira usiletwe kwenye kaburi la Ucha, hata Juu ikishinda. Inatangaza pia kwamba Anzor hatabeba jeneza wala hatakaa kwenye karamu ya msiba. Tsiala anaondoka naye kwenda Kutaisi mara tu maneno haya yatakapokwisha, na tunaomba wanaume waliosimama mlangoni wapishe. Nutsa na kijiji watamzika Ucha.

Apumzike kwa amani, mtoto wetu, na atusamehe, maana mama yake hatakuwepo kumtupia udongo.