Mdomo Uliovuja Pumzi

Ndugu zangu, nawasalimu. Mkiniona nacheka na upande mmoja wa uso unachelewa, ngojeni kidogo, utafika. Sisi wagonjwa wa kikundi hiki tunajuana, lakini wageni wasije wakadhani nawadharau.

Kazi yangu ni muziki. Nilitoka upande wa ziwa nikaja Eldoret kutafuta maisha, nikapanga chumba mtaa wa Huruma, na saksafoni ndiyo ilinilisha. Napiga jazz, lakini nyuma yake naweka midundo ninayotengeneza kwa kompyuta. Nilikuwa narekodi mafundi wa jua kali wakigonga mabati pale jirani, naikata ile sauti, naigeuza inakuwa ngoma. Mama mwenye nyumba aliniuliza mbona nahifadhi kelele ambayo yeye anaomba kila siku iishe. Hoteli ziliniita, harusi ziliniita, na Jumapili nilipiga kanisani.

Asubuhi moja nikipiga mswaki, maji yalimwagika kwa shati. Kuangalia kioo, jicho la kushoto halifungi, mdomo umeenda upande. Daktari akasema neva ya uso imepooza, kwamba wengi hupona kabisa, wengine hubaki na kidogo. Mimi nikawa wa wale wa kidogo. Sasa, saksafoni inataka midomo ishike sawasawa. Yangu ilivuja. Nikipuliza, nusu ni sauti, nusu ni hewa, kama tairi limedungwa. Simu za hoteli zikaisha. Niliogopa, ndugu zangu. Sikujua mimi ni nani bila kile chuma.

Sikieni vile upendo ulitaka kunimaliza. Mnajua kanisani mtu akiimba peke yake akakwama, watu wanamdaka. Wanauchukua wimbo, wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, anarudi kuketi bila aibu. Ni tabia nzuri sana. Basi dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mkali kweli, alikuwa amenipa mrija na glasi ya maji nipulize mapovu kila siku, na mdomo ukaanza kupata nguvu. Nikasimama mbele na saksafoni. Noti ya kwanza ikavuja. Kanisa zima likanidaka, wakaimba hadi mwisho, mimi nimesimama tu. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Watu wananishika mkono wakisema nimepiga vizuri, na mimi sijapiga. Niliona wazi kwamba nikiendelea kudakwa, sitapiga tena maishani.

Nikajifungia na kompyuta. Nikaurekodi ule uvujaji wenyewe, nikaurudiarudia polepole, nikauwekea yale mabati ya jua kali, kisha juu yake nikapiga noti chache ambazo mdomo wangu unaweza. Ilitoka jazz ambayo sikuwa nimeisikia mahali popote. Ilikuwa na mapengo mengi, na nikaamua nayaacha.

Halafu kanisa letu likaalikwa ibada kule Cheptiret, kwa wakulima. Kabla ya zamu yangu nilimwendea mama anayeongoza akina mama wa kwetu, kwa sababu vigelegele huanza kwake. Nikamwomba wasinidake. Alikasirika, akaniuliza kama nataka kuaibika mbele ya wageni.

Nikamwambia, "Mama, kama ni kuanguka, niache nianguke mwenyewe."

Kisha akainuka, akawageukia watu wetu. "Leo huyu asishikwe. Mwacheni amalize."

Nikaanza. Noti ya pili ikavuja. Nawaambia, niliona mikono ya watu ikiinuka kupiga makofi, halafu ikarudi magotini. Kukawa kimya, kompyuta yangu tu ndiyo inapumua ule uvujaji niliourekodi. Nilitafuta noti nikaikosa, nikaitafuta tena, nikaipata. Nikapiga wimbo wote. Ulikuwa na makosa lakini nilipiga mimi. Nililia nikiwa bado napuliza, na hiyo msijaribu nyumbani, ni ngumu.

Tangu siku hiyo sijaiweka saksafoni chini. Naitwa tena, na kuna watu wanadhani ile hewa ni staili. Siwasahihishi.

Namshukuru dada wa mazoezi, ambaye hakuwahi kunihurumia hata mara moja. Namshukuru mama yule, na kanisa langu, kwa sababu kuketi kimya siku ile kuliwauma kuliko kuimba. Nyinyi mliowaleta wagonjwa wenu hapa, najua mnawapenda. Mnawafunga vifungo vya shati, mnawamalizia sentensi. Kuna wakati muwaache, hata kama mnaumia kuangalia.

Tena kuna Mzee pale nyuma, ametoka Kiplombe. Tangu apate kiharusi maneno yanamchukua muda. Ameinua mkono mara kadhaa nikiongea, na binti yake, kwa upendo, anaushusha. Dada, uache huo mkono. Mzee, simama utuambie. Hatuna haraka, na hapa hakuna mtu atakusaidia.