Kamera Iliyozikwa Mau Narok

Benchi letu liko nje ya duka langu la kuchapisha, kwenye barabara inayoshuka Bondeni, hapa Nakuru mjini. Mimi huchapisha programu za mazishi, kadi za harusi na fulana za watu waliofiwa. Alasiri hiyo tulikuwa wanne, na Wamaitha wa kahawa akiwa wa tano. Bethwel, mpiga picha tunayemwita Lenzi, hakuwa amegusa kikombe chake. Wiki tatu nyuma alikuwa amepiga picha za mazishi ya Mama Kihara kule Mau Narok, na wakati wa kuteremsha jeneza kamera ikamponyoka, ikaingia kaburini, ikafukiwa. Picha nyingine hazikuwepo, maana mchungaji alikuwa amekataza simu zote. Kwenye mazishi yaliyotangulia, uso wa marehemu ulikuwa umesambazwa mitandaoni kabla kaburi halijafukiwa. Sasa Waithera, binti wa Mama Kihara, ambaye mwajiri wake kule Saudia alimnyima ruhusa ya kuja kuzika, alikuwa amerudi nchini. Saa kumi angekuja hapa kuchukua picha za mama yake. Lenzi hakuwa amemwambia lolote. Kila alipopigiwa simu alijibu kwamba picha bado zinasafishwa. Na sisi, badala ya kumsaidia kutafuta maneno ya kumwambia huyo binti, tulikuwa tunabishana kuhusu mkanda wa kamera.

Aliyeanza ni Omolo, fundi wa redio ambaye hukodisha spika kwenye mazishi. Tunamwita Injinia, na jina hilo limemharibu kabisa.

Injinia: Boss, mimi nilikuwa pale na spika zangu. Niliona kwa macho. Ungekuwa na mkanda kwa shingo, hiyo kamera ingefika hapa kwa tumbo, iishie hapo.

Lenzi: Asubuhi nilikuwa nimeivaa.

Hakimu: Na ukaitoa kwa nini? Jibu swali.

Hakimu ni mzee Hiram. Alikuwa karani wa korti miaka mingi, hajawahi kumhukumu hata kuku, lakini huuliza maswali kana kwamba kuna mtu anaandika.

Lenzi: Mzee, si unajua?

Hakimu: Najua. Nataka benchi isikie.

Lenzi: Wakati wa kuaga mwili niliinama juu ya jeneza ndio nipate uso vizuri. Mkanda ikaning'inia, ikaingia ndani. Ikamgusa mama kwa shavu.

Wamaitha: Yesu!

Lenzi: Shangazi yao akapiga nduru. Laini yote ikasimama, watu wakaniangalia. Nikasikia aibu yenye sijawahi kusikia. Nikatoa mkanda, nikatia kwa mfuko. Siku yote nikashika kamera na mikono tu.

Aliutoa mfukoni, akauweka mapajani. Ulikuwa mweusi, maandishi ya njano yaliyofifia, kishikizo kimoja cha plastiki kimepasuka na kufungwa uzi. Sote tuliutambua.

Injinia: Hapo ndio ulikosea. Hukufaa kutoa. Ungefunga kwa mkono. Zungusha hapa kwa kifundo mara mbili, unakaza.

Hakimu: Akifunga kwa mkono na kamera iteleze, mkono inafuata. Mkono ikifuata, mtu anafuata. Leo tungekuwa tunaongea mazishi mbili.

Wamaitha: Kwani kamera ni ng'ombe ivute mtu?

Hakimu: Mama, wewe umewahi simama kwa mdomo ya kaburi, udongo ya Mau Narok, na mvua imenyesha usiku? Inateleza kama sabuni. Hata mchungaji alishikwa mkono.

Injinia: Basi avae kama kondakta. Ipite kifua, kamera ikae kwa kiuno.

Lenzi: Nikiinama inakuja mbele, Omolo. Inakuja tu. Nimejaribu.

Injinia: Unafunga mshipi juu yake. Na kama bado, unaongeza ndoano, kama ya wale wa stima wanapanda nguzo za umeme. Ndoano mbili, moja kushoto, moja kulia.

Hakimu: Mtu wa mazishi akuje na ndoano?

Injinia: Ama basi, kila mpiga picha awe na mtu wake. Mmoja anapiga, mwingine amesimama nyuma ameshika mkanda. Mambo ikiharibika, anavuta.

Wamaitha: Na huyo wa kushika akianza kulia?

Injinia aliomba kahawa nyingine. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani dukani. Ilikuwa imebaki robo saa. Nilimwambia Lenzi aache mambo ya mkanda, afikirie atakachomwambia yule binti.

Lenzi: Nitamwambia nini? Nitamwambia nilitaka kuingia, wazee wa boma wakakataa. Walisema hakuna mtu ataingia kwa kaburi ya mama yao atoke na kitu. Vijana hawakusimamisha hata sepetu. Nilisimama hapo nikiona inafunikwa.

Hakimu: Hapana. Mwambie ukweli wenyewe.

Lenzi: Gani?

Hakimu: Ile mkanda ilimgusa nani? Ilimgusa mama. Watu mia tatu, ikachagua yeye. Halafu wewe ukaificha. Sasa mama angefanya nini? Akachukua kamera yenyewe. Alitaka kuona picha zake.

Hakuna aliyecheka. Lenzi alikuwa ameinamisha kichwa. Hapo nilikasirika kweli. Nilimwambia Hakimu kwamba Mama Kihara alikuwa mjane mkulima wa viazi, mtu aliyelea watoto kwa jembe, na hakuwa mtu wa kunyang'anya vitu vya watu, akiwa hai wala akiwa amelala. Nilisema anyamaze au ahame benchi.

Hakimu: Haya. Nimeondoa hayo maneno.

Injinia: Lakini kwa mpango wa mkanda...

Mimi: Omolo!

Waithera alifika kabla ya saa kumi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sweta zito, viatu vyenye tope la kwao. Alikuwa ametoka kaburini moja kwa moja. Lenzi alisimama haraka, mkanda ukaanguka chini, akauokota, kisha hakujua auweke wapi.

Waithera: Hamjambo? Bethwel ni nani?

Lenzi: Ni mimi, dada. Pole sana. Dada, kuna kitu...

Waithera: Najua. Kaka yangu Kihara aliniambia jana. Kamera ilianguka.

Lenzi: Nilikudanganya kwa simu.

Waithera: Ulinidanganya, eeh. Nililia hadi nikachoka. Lakini sikukuja kugombana.

Injinia: Dada, wacha nikueleze, shida ilikuwa ni mkanda. Sisi wote tulikuwa huko. Mimi nilileta spika, huyu wa duka alileta programu, na huyu...

Waithera: Nyote mlikuwa huko?

Hakimu: Mimi nilienda kuheshimu tu. Lakini nilikuwa.

Waithera: Na mliaga mama?

Tukasema ndiyo. Tulipanga laini kama watu wengine, tukapita mmoja baada ya mwingine kando ya jeneza, kofia mkononi. Wamaitha pekee ndiye hakuwa ameenda.

Nilihisi Waithera alikuwa amelifanyia mazoezi njiani swali lililofuata.

Waithera: Nilituma kitambaa ya kichwa, ikaletwa na msichana mwenye tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Ni ya kijani, iko na maua nyeupe. Nilinunua mama akiwa mzima, hakuwahi kuiona. Nikaomba wamzike nayo. Sasa Kihara anasema walimfunga hiyo. Mke wake anasema ilikuwa nyeupe. Shangazi anasema hakufungwa kitu. Nyinyi si watu wa nyumbani, hamna sababu ya kunificha. Mama alifungwa kitambaa gani?

Hakimu alitazama mikono yake. Mimi nilijaribu kukumbuka kwa nguvu zangu zote. Niliona jeneza, niliona maua ya plastiki, nilimwona shangazi na mdomo wake wazi, niliona ule mkanda mweusi ukining'inia, herufi zake za njano, hata uzi kwenye kishikizo. Juu ya paji la uso la yule mama sikuona kitu. Nilipita pale nikiwaza kama programu zingetosha watu wote, na mkanda ulipomgusa nikautazama mkanda. Ningeweza kumwambia kilikuwa cha kijani. Neno hilo lilinijia hadi kwenye ulimi. Nadhani lilitujia sote.

Waithera alimgeukia Lenzi, kwa sababu yeye ndiye aliyeinama karibu kuliko wote.

Waithera: Wewe ulipiga picha ngapi za uso wake?

Lenzi: Kama ishirini.

Waithera: Basi wewe uliona.

Lenzi alifuta macho kwa mkono wenye mkanda.

Lenzi: Sikuona, dada. Nilikuwa napiga picha.

Wamaitha alimmiminia Waithera kahawa, naye akaikataa kwa upole, akisema gari la kwao linajaa mapema. Kisha akatupatia mkono wa kwaheri, mmoja mmoja, kuanzia kwa mzee, na kila mmoja wetu akamshika mkono bila kumtazama usoni.