Kitambaa Cheupe cha Modestus

Mgeni rasmi, ndugu ofisa uliyetoka ubalozi wa Tanzania, Washington, karibu Stafford, hapa jirani na Houston. Utuwie radhi kukupokea nje, kwenye maegesho ya kanisa, tukiwa na barakoa usoni. Korona haijui mgeni.

HISTORIA
Sisi ni Watanzania na Wakongo wa Houston na Dallas. Tunahudumia wazee, tunapakia mizigo maghalani. Watoto tuliowaacha nyumbani walinyimwa viza za huku, ndipo tukawapeleka Minsk, Belarusi, wakasomee udaktari.

MAFANIKIO
Yapo. Leo hatuna moyo wa kuyasoma.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita nchi ile ilichagua rais. Siku zilipokaribia tukasikia hali imechafuka, nasi tukafanya kama tufanyavyo kwenye jambo zito: tukatangaza mfungo, watoto nao wakiwemo. Kwa desturi yetu, anayefunga hujifunga kitambaa cheupe mkononi, na hakivui mpaka mzazi wake aseme.

Rais aliyekuwepo akatangazwa mshindi. Wananchi wakasema kura zimeibwa, wakajaa barabarani, mtandao ukakatika. Kumbe kule kitambaa cheupe mkononi ni alama ya wanaompinga rais. Jamani, tungejulia wapi?

Modestus, mtoto wa Mama Prudensia, alitoka kununua mkate. Askari wakamwamuru akivue. Ushindi, mwenzake waliyeongozana naye, anasema Modestus alijibu kwa upole: “Siwezi. Mama hajaniruhusu.” Wakamtia garini. Mpaka leo hatujui alipo, na sisi ndio tuliomvisha. Hatulali.

MAOMBI
Tuliagizwa risala hii isiguse siasa. Mheshimiwa, Modestus hana chama. Kule hakupiga kura, na majina ya wagombea yenyewe hawezi kuyatamka. Tunaomba ubalozi uulize yuko wapi, na uulize kwa sauti. Tafadhali usituambie utalifikisha panapohusika. Waliokutangulia walisema hivyohivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mungu akufikishe salama, na akunyime usingizi mpaka uwe umeuliza.

Na atakayempata Modestus, kwa simu au ana kwa ana, ampe kwanza ujumbe wa mama yake. Tumeuandika kama alivyousema: “Kivue, mwanangu. Mama amesema kivue.”

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Wanafunzi wa Minsk, Houston na Dallas
Imesomwa na Severin, katibu
Septemba 2020