Tunaomba Kiangazi Kimoja

Mgeni rasmi, karibu kituoni kwetu, na pole kwa matope yaliyokuharibia viatu. Sisi wafanyakazi tumefurahi kukuona, ingawa risala yetu ina uzito kidogo.

Tulikotoka

Bwawa la umeme lilipokuwa linajengwa, korongo la vyura wadogo wa rangi ya kutu lilikuwa lizame. Hawaishi kwingine kokote. Tuliwakamata mmoja mmoja, wakafika mia moja na mmoja, tukaanza kuwatafutia makazi mapya.

Tulichofanikiwa, na kosa letu

Mwaka juzi tulipata bonde zuri. Tulipima maji, joto na kivuli, tukaachia vyura sitini, tukapigiwa makofi. Vipimo vyote tulivichukua majira ya mvua. Kiangazi kilipoingia, kijito kikakauka. Mwenzetu tunayemwita Mama Kipimo, maana haachi kijiti chake cha kupimia maji, alikwenda kila asubuhi kuwaokota waliokufa. Siku ya mwisho alitua mfuko akasema, "Jamani, hawa tumewaua wenyewe." Tuliona aibu, na bado tunaiona.

Waliobaki ni arobaini na mmoja. Kwenye matangi wanakula lakini hawatagi, kwa hiyo hatuwezi kukaa nao milele.

Changamoto

Bonde hili, ambapo hema lako limepigwa, lilichaguliwa ofisini, kwa kuwa barabara inafika. Tumelipima miezi mitano, yote ya mvua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: Mama Kipimo alikataa kutia saini kibali cha kuwaachia vyura hapa.

Bosi wetu akamsihi, "Mama, mgeni yuko njiani, tutamwambia nini?"

"Mwambie kweli, baba. Yeye jioni ataondoka. Chura ndiye atakayebaki."

Bosi akatuuliza nani asome risala. Tulimchagua yeye. Ndiye aliyesimama mbele yako.

Ombi

Tunalo moja tu. Kata utepe, piga picha, kula nasi. Lakini sanduku la vyura lililo mezani hapo, tafadhali usilifungue. Tupe kiangazi kimoja tukitazame kijito hiki. Kikibaki na maji, tutakuita tena, nawe utafungua kifuniko kwa mkono wako.

Mola akujalie afya, safari njema na subira.

Ni sisi, tulioukodolea macho mkono wako,
Wafanyakazi wa Kituo cha Kuhamisha Viumbe.